Chipu ya Mjomba

Asubuhi ile Sikudhani alimwamkia Shangazi kama kawaida, na Shangazi hakuitikia. Akadhani hajasikika, akarudia. Kimya. Akaenda zake kukagua mabomba, akanywa chai, akagombana na pampu moja kaidi, na ilipokaribia saa ya chakula cha mchana spika ya ukumbini ikasema kwa upole, "Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

Kwa bahati mbaya aliyekuwa akipita pale wakati huo ni Bi Mashavu, mwenyekiti wa kitongoji, mwanamke mwenye wajukuu na meno ya bandia, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza amelalaje tangu azikwe mama yake. Alisimama, akaitazama spika, kisha akamtuma mtu akamlete Sikudhani.

Shangazi alikuwa kompyuta. Ndiye aliyefungua na kufunga mabomba ya maji na ya hewa katika mabanda ya mimea ya Wamchicha, watu walioishi kwenye mgongo wa mlima ule wa Mwezini ambako jua halizami. Alikuwa mashine ya zamani, ya kuchomeka vipande kwa mkono, na ndiyo maana alikuwa hai bado. Kompyuta mpya zilizoletwa baadaye zilizoea kuuliza kila kitu Duniani, na siku Dunia ilipoacha kujibu zikageuka rafu za kuwekea viatu.

Mchana ule mambo yalizidi. Fundi wa Banda la Pili aliuliza kiwango cha unyevu akapewa jibu la swali la nyanya aliloliuliza jana. Maji yalifunguliwa baada ya watu kukata tamaa na kumwagilia kwa ndoo, mchicha ukawa umesimama kwenye maji kama mpunga. Mzee mmoja aliyeomba taa ya chooni alikaa gizani mpaka akamaliza, akatoka, na taa ikawaka nyuma yake.

Hakuna aliyehitaji kuuliza kosa ni la nani. Jana yake Sikudhani alikuwa amemwongezea Shangazi kumbukumbu, tena mbele ya watu, kwa hotuba fupi iliyotaja matumaini mara nyingi kuliko ilivyotaja kumbukumbu. Vipande vya kumbukumbu hiyo alivifukua kwenye chombo kibovu cha kutua Mwezini, akavisafisha kwa brashi ya meno. Alikuwa amehitimu ufundi wa kompyuta mwaka ule ule, na bado aliamini kwamba kila shida ya binadamu ina mwongozo wake mahali fulani, kazi ni kuutafuta ukurasa tu.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu anayejua kupika," Bi Mashavu akasema.

Wakaenda jikoni, Sikudhani akaeleza huku akionyesha kwa kidole. Kumbukumbu ni stoo. Ni kubwa, lakini iko mbali; kila ukitaka chumvi unatembea. Kwa hiyo kompyuta ina meza ndogo karibu na mikono yake, ambayo mafundi huiita kache, na vitu anavyovitumia mara kwa mara huviacha hapo. Sasa ili asichanganye vitu, kuna chipu moja inayobandika lebo: hiki kilichopo mezani kimetoka rafu namba fulani. Chipu ya lebo ya Shangazi ilikuwa ya kizamani, inajua kuhesabu rafu sitini na nne basi. Sikudhani alikuwa amemjengea nyingine sitini na nne. Vitu vya rafu hizo mpya haviandikiki lebo, na kisichoandikika lebo hakiruhusiwi kukaa mezani. Na Shangazi, kwa maumbile yake, hupanga vitu vyake kuanzia rafu za mwisho.

Bi Mashavu alitafakari. "Kwa hiyo umempa stoo kubwa, ukamnyang'anya meza."

"Kwa maneno mengine, ndiyo."

"Basi bomoa stoo."

Sikudhani aliinamisha kichwa. Angeweza. Lakini akiondoa zile rafu mpya, Banda la Nne halitaingia. Shangazi hatakuwa na mahali pa kuliweka hata akumbuke kwamba lipo.

Wote wawili walitazama mlangoni. Kwenye korido walikuwa wamelala watu wa Kituo cha Kusini, familia nzima nzima, waliokuja na mabegi yao baada ya mtambo wao wa hewa kufa. Banda la Nne lilikuwa limejengwa kwa ajili yao. Mpaka Shangazi awe na uwezo wa kulihudumia, wangebaki pale, wakivuta hewa iliyopimiwa watu wachache kuliko wao. Korido ilikuwa imeanza kuwa na hewa ya chumba walicholala watu wengi mno, na watoto waliamka na vichwa vinauma. Hawakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza Sikudhani zaidi.

Kulikuwa na chipu moja tu Mwezini kote iliyojua kuhesabu rafu mia na ishirini na nane, na ilikuwa kifuani mwa Mjomba.

Mjomba alikuwa kompyuta ya Wabarafu, majirani waliochimba barafu kwenye shimo la chini ambako jua halijawahi kufika. Mafundi wa kale, kwa sababu walizokufa nazo, walimpa lebo pana na stoo ndogo. Chipu ya Shangazi ingemtosha Mjomba kabisa. Lilikuwa suala la kubadilishana. Ila kutoka kwa Wabarafu hadi kwa Wamchicha ni safari ya kigari, na katika safari hiyo lazima mmoja akae bila meza hata ya kuwekea kijiko. Shangazi hawezi, mabomba yangefunguka wiki ijayo.

"Na Mjomba je?" Sikudhani aliuliza. "Akikaa siku mbili tatu bila kache, hakuna atakayeumia?"

"Mjomba ana kazi gani?" Bi Mashavu akajibu. "Ni mizani inayoongea."

Hilo kila Mmchicha alilijua. Walilisikia tangu utotoni: Wabarafu wana mizani, wameivisha jina la mtu, wanaiamkia.

Sikudhani alipendekeza waandike ombi. Bi Mashavu alimtazama kwa huruma. Wamchicha na Wabarafu walikuwa watani, na utani wao ulisafiri na babu zao kutoka Duniani ukiwa mzima, bila kuvunjika hata mkono. Mtani haombi. Mtani anaingia kwako, anakutukana, anabeba kuku wako, nawe huruhusiwi kununa. Ukimwona mtani anakuomba kwa adabu, jua kuna ugomvi. Na ilikuwa vizuri tu kwamba wiki ile Wabarafu walikuwa na arobaini ya Bi Mwanaharusi, dada yake Kitwana msimamizi wa shimo, kwa sababu msibani ndipo watani wanapochukua.

"Tutaenda," Bi Mashavu akasema. "Mimi nitalala mlangoni nisumbue watu. Wewe chukua bisibisi."

*

Bi Mashavu alitimiza ahadi. Walipofika alilia kwa sauti iliyowashinda wafiwa, akauliza marehemu amewezaje kufa bila ruhusa ya watani wake, kisha akajilaza kizingitini, akasema haondoki mpaka aletewe maji, na yasiwe ya baridi, maana amechoka kupewa barafu na watu hawa. Wabarafu waliokuwa wamekaa kwa huzuni tangu asubuhi wakaanza kucheka. Kitwana mwenyewe, mtu mkubwa mwenye mabega ya mlango, alicheka hadi machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa ya kicheko tena, na hakuna aliyeona ajabu. Hiyo ndiyo kazi ya watani.

Sikudhani alimruka mwenyekiti wake akapenya hadi chumba cha zamu, kilichotenganishwa na ukumbi kwa pazia. Mjomba alikuwa hapo: sanduku la kijivu, maiki moja, spika moja, na kigoda kilichochakaa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu." Jibu lilikuja hapo hapo, la haraka, kama la mtu aliyekuwa anakungoja. "Naona umekuja na bisibisi msibani."

"Nimeisahau mfukoni."

"Basi fanya hima. Wanakaribia kugawa chai."

Sikudhani aliona aibu. Chuoni hawakufundishwa namna ya kumfungua mtu anayekukumbusha chai. Mkono ukiwa kwenye skrubu ya kwanza, dhamiri ikamsumbua, akauliza, "Mjomba, kazi yako hapa hasa ni nini?"

"Mimi? Mimi ni mizani inayoongea. Si ndivyo mnavyosema kwenu?"

Basi akatulia. Alimwamuru Mjomba aifunge kache yake, afanye kazi kutoka stoo moja kwa moja, na Mjomba akatii bila neno. Kisha akaichomoa ile chipu taratibu. Ilikuwa ndogo kama ukucha. Aliifumbata, akawaza watoto wa korido, akajisikia mwema.

"Mjomba?" ikasema spika.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya kawaida, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Vitaa vya Mjomba vilimeta kimoja kimoja. Alikuwa ameshaianza safari ya kwenda stoo.

"Mjomba?"

Ukumbini vijiko vilinyamaza. Sikudhani aliusikia ukimya ule ukianzia karibu na pazia ukaenda mpaka mlangoni, mpaka kwa Bi Mashavu, na hapo ndipo alipoelewa kwamba amechukua kitu kingine, si kile alichodhani.

"Mjomba." Safari hii sauti haikuwa na utu uzima wowote ndani yake.

Sikudhani alibonyeza maiki kabla hajafikiri. "Niko," akasema.

Kutoka shimoni ile sauti ikauliza kwa uangalifu, "Mjomba, umekula nini sauti ikawa hivyo?"

"Mafua," Sikudhani akajibu.

Kicheko kililipuka ukumbini. Lakini pazia lilifunguliwa, na Kitwana aliyesimama pale hakuwa anacheka. Alitazama sanduku lililo wazi, akatazama ngumi ya Sikudhani.

Aliyeita, akasema, anaitwa Pazi, ni wiki yake ya pili. Chini kule taa inakuonyesha urefu wa mkono wako tu. Ndani ya suti husikii chochote isipokuwa pumzi yako, na ukikaa kitambo unasahau juu ni wapi. Zamani, kabla Mjomba hajawekwa kazi hii, kuna waliokuwa wakianza kutembea tu, wanaelekea wanakodhani ni mlangoni. Kitwana hakumalizia walifika wapi. Sasa mtu anaita, anaitikiwa, anaendelea kuchimba. Hakuna zaidi ya hapo. Barafu yenyewe wanaipima kwa mizani ya kawaida.

Sikudhani alihisi masikio yanawaka. "Kwa nini hamkusema? Maisha yetu yote tunawaambia Mjomba ni mizani."

"Mtani akikwambia una kichwa kikubwa," Kitwana akauliza, "unaleta futi umpimie?"

Sikudhani alifumbua kiganja, akamnyooshea chipu. "Naomba uipokee. Nairudisha sasa hivi."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mnong'ono ulipita ukumbini, na bibi mmoja akaweka kikombe chini kwa nguvu. Kitwana alirudisha mikono nyuma kama aliyeonyeshwa moto. Anayerudisha, akaeleza taratibu, ni mtu aliyeiba. Mtani haibi, mtani anachukua. Ukirudisha unatangaza mbele ya wafiwa kwamba kati yetu hakuna utani, na kama hakuna utani basi umevunja sanduku la watu wakiwa msibani, na hilo lina mazungumzo mengine.

"Mjomba?" akaita Pazi.

"Niko," Sikudhani akasema kwenye maiki, akamgeukia tena Kitwana. "Sasa nifanye nini? Nikibaki nayo watu wako wanaita gizani. Nikiirudisha tunakuwa maadui."

"Hilo ulifikirie kabla ya kuleta bisibisi."

Alifikiri. Hakukuwa na ukurasa. Basi akafanya jambo ambalo watani hawalifanyi: alisema ukweli mtupu, bila kumtukana mtu. Alieleza habari za korido, za familia za Kituo cha Kusini, za vichwa vinavyouma asubuhi, za Banda la Nne lililokamilika lakini halina wa kulipulizia hewa. Alisema chipu ndogo ya Shangazi itamfaa Mjomba kama ilivyotengenezwa kwa ajili yake, ila lazima hii ipande mlimani kwanza ndipo ile ishuke, na kwamba yeye alidhani muda wa katikati haumgharimu mtu. Mara mbili alikatizwa na shimo, akaitikia, akaendelea.

Alipomaliza, Kitwana aligeuka akamtazama Bi Mashavu, aliyekuwa bado amelala kizingitini kwa kuwa maji hayajaletwa. "Watu wamelala koridoni kwenu muda wote huu. Na nyinyi kwa nini hamkusema?"

"Tungesema mngetuonea huruma," Bi Mashavu akajibu akiwa pale pale chini.

Kitwana akakubali kwa kichwa. Hilo alilielewa vizuri mno.

Akajikuna kidevu. Halafu uso wake ukaanza kufunguka kidogo kidogo, na Wabarafu waliomjua wakasogea karibu. "Chipu mmechukua," akasema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Ni halali yenu, hatununi. Sasa na sisi tunachukua." Akamwekea Sikudhani mkono begani, mkono mzito kama mfuko wa mbegu. "Tumemchukua huyu. Kuanzia sasa ndiye Mjomba. Mkimtaka, leteni ile chipu ndogo ya Shangazi na mchicha mkubwa wa kumkombolea."

Ukumbi ulipiga vigelegele. Bi Mashavu aliinuka hatimaye, akajipangusa, akasema wakae naye hata mwezi, msichana anakula sana na anahutubia. Lakini alipopita karibu na kigoda alimkamata Sikudhani mkono kwa nguvu, akauliza kwa sauti ya chini chipu inaingiaje.

"Kwanza mwambie Shangazi aifunge kache, kama nilivyofanya hapa. Chomoa ya zamani, chomeka hii, kisha mwambie aifungue tena. Kidoti chake kikae upande wa kushoto. Ukiona haiingii, usilazimishe."

"Kama meno."

"Kama meno, Mwenyekiti."

Kitwana aliendesha kigari mwenyewe. Walisikika wakianza kubishana kabla mlango wa nje haujafungwa.

*

Mwanzoni Sikudhani alikuwa Mjomba mbaya. Mchimbaji aliita, yeye akasema yuko, kisha akaongeza ushauri juu ya kupumua kwa utaratibu na umuhimu wa fikra njema. Pazi alimvumilia kidogo, halafu akamwomba, kwa heshima zote anazostahili mgonjwa wa mafua, aache. Mjomba huwa hasemi hayo. Mjomba huwa yupo tu.

Akajifunza. Waliita kwa namna tofauti. Kuna mama mmoja aliyeita kwa kugonga kofia yake mara moja, naye alitaka jibu fupi asije akapoteza hesabu ya nyundo. Kuna mzee aliyeita ili amkosoe mtu aliyekuwa karibu naye. Na Pazi aliita mara nyingi kuliko wote, kila mara akiwa na sababu: mara anauliza saa, mara anataka kujua kama kweli Wamchicha wanapika mchicha kwa unga wa karanga na kuacha nazi ya kopo ioze. Sikudhani alijibu kwamba karanga ndiyo sahihi. Pazi akasema sasa ameelewa kwa nini utani ulianzishwa. Walibishana juu ya jambo hilo kwa kirefu, yeye akichimba, msichana akishika maiki kwa mikono miwili, na katikati ya hoja za karanga Sikudhani aligundua kwamba Pazi alikuwa ameacha kuuliza saa.

Mjomba mwenyewe, kwa mwendo wake mpya, alijitahidi. Kila baada ya muda mrefu spika ilisema "Niko" peke yake, na shimo zima lilicheka.

Redio ya mlimani ilipolia, ilikuwa Bi Mashavu. Alisema kidoti kimekaa kushoto. Shangazi alikuwa ameitikia shikamoo zote za siku tatu kwa mkupuo mmoja, majina na majina, watu wakasimama kusikiliza kama wanasomewa tuzo. Kisha akafungua hewa ya Banda la Nne. Hapo mwenyekiti alikohoa. Watoto, akasema, wameingia wakalala palepale sakafuni kabla magodoro hayajafika. Wamelala vizuri. Basi, hakuwa na mengine, ila Kitwana anaendesha kama mlevi na wako njiani.

Sikudhani alijifuta macho kwa kiwiko. "Niko," akamwambia mama wa kofia.

Walifika na chipu ndogo ikiwa imefungwa kwenye leso, na fungu la mchicha lililomzidi Kitwana kichwa. Sikudhani aliichomeka kwa vidole vilivyokakamaa, akamwamuru Mjomba aifungue kache, akasubiri. Vitaa vilitulia vyote kwa pamoja.

"Ahaa," Mjomba akasema. "Nilikuwa nimetembea sana."

Nje Bi Mashavu alikuwa ameshapanda kigari na anapiga honi, kwani fidia imelipwa na mateka ni huru. Sauti ilikuwa imemkauka Sikudhani, mgongo unamuuma. Alikusanya bisibisi yake, akamuaga Mjomba kwa shikamoo ya mwisho, na alikuwa ameshika pazia.

"Mjomba?" akaita Pazi kutoka shimoni.

"Niko," Mjomba akajibu, papo hapo, kwa ile sauti yake nzuri ya siku zote.

"Samahani, Mjomba, si wewe," Pazi akasema. "Namtaka yule wa mafua. Kanikatiza kwenye nazi."

Mjomba alisita, jambo ambalo sasa hakuwa na sababu yoyote ya kiufundi ya kulifanya. "Mpwa wangu," akasema kwa sauti ya chini, "chai bado ipo."

Honi ikalia tena. Sikudhani akaachia pazia, akavuta kigoda.